Namba Iliyokuwa Juu

Siku Mwalimu aliponunua sweta kwangu kwa bei ya kwanza niliyomtajia, nilimrudishia noti yake na kumuuliza anaumwa na nini.

Asiyewahi kuuza kitu Nyeri hataelewa. Bei ya kwanza haitajwi ili mtu ailipe. Inatajwa ili mazungumzo yaanze, kama vile mtu anavyobisha hodi kabla ya kuingia. Mwalimu alikuwa mteja wa kibanda changu pale Majengo, kando ya njia ya kwenda msikitini, kwa miaka saba. Nimehesabu mara mbili, ni saba. Katika miaka hiyo hakuna sweta aliyoichukua kabla hajaigeuza ndani nje, akahesabu vifungo, akanusa makwapa yake, halafu akaniambia kwa upole mkubwa, "Mama Sweta, hii bei umeiota ama umeambiwa na mtu?"

Siku hiyo alifungua tu kibeti. Ulikuwa mwezi wa pili, jua limekumbuka kazi yake, watu wanatembea na mikono wazi. Mwezi wa pili hakuna anayenunua sweta Nyeri isipokuwa mimi, na mimi nanunua ili niuze mwezi wa saba. Tena hiyo ilikuwa ya tatu tangu Krismasi, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia.

"Naumwa na baridi," alinijibu. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi.

Mji wetu una kosa moja. Mtu akisema anasikia baridi, tunamwambia karibu. Ukungu ukishuka kutoka mlimani mwezi wa saba unatuvika sote makoti na kofia za sufi, mgonjwa na mzima wanafanana. Ndiyo maana ugonjwa wa Mwalimu ulikaa kati yetu mwaka mzima bila mtu kuuona. Nisingeuona hata mimi kama angebishana.

Alikozaliwa na kwa nani sitaandika. Aliletwa na serikali kutoka upande wa magharibi kufundisha hesabu, akaahidiwa atahamishwa baada ya mwaka mmoja, na mwaka huo haukuisha mpaka akastaafu. Mtu akianza kuulizia ukoo wa mwenzake mbele yake, alikuwa akisema, "Mwulize jedwali la saba. Hapo utajua amelelewa wapi." Baada ya kustaafu alibaki Ruring'u, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ubao mweusi sebuleni mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Kila Jumamosi watoto walijaa humo, wanakaa sakafuni juu ya magunia, naye anafundisha kugawanya. Hakutaka malipo. Wazazi walimletea maziwa, kuni, viazi, na yeye alivipokea kama mtu anayesumbuliwa.

Alikuwa na kalamu nyekundu ambayo haikustaafu. Nilipofungua kibanda niliandika kibao kwa mkono wangu: SWETA LAHISI. Alisimama mbele yake muda mrefu, nikadhani anachagua rangi. Halafu akaitoa kalamu, akaikata ile L na kuandika R juu yake, akaweka na alama pembeni: nane juu ya kumi.

"Nane kwa nini?" nikamuuliza. "Kosa ni moja tu."

"Lingine ni la uongo. Sweta zako si rahisi."

Kiswahili hiki unachosoma ni yeye aliyenisukumia. Mimi nilikuwa mtu wa "kitabu yangu" na "niko na njaa" kama jirani zangu wote, na alinisahihisha mbele ya wateja bila huruma. Lakini akikasirika, Kiswahili chake cha darasani kilimtoroka. Siku moja mtu alimkanyagia mche wa sukumawiki, na mtaa mzima ukamsikia: "Ati mguu yako haina macho?" Nilimkumbusha jambo hilo kwa miezi mingi. Alikuwa akinijibu kwamba mguu ule haukustahili sarufi.

Mtu wa namba namna hiyo, lakini hakutaka kujua uzito wake. Akipanda mizani hospitalini anafumba macho na kumwambia nesi, "Andika, usinisomee." Mimi niliujua kwa saizi za sweta, ila nilinyamaza. Katika biashara yangu mtu anajifunza kunyamaza, na baadaye hajui aache lini.

Basi mwezi ule wa pili nilifunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kwa mazishi ya jirani, nikampeleka kwa daktari. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Alimshika Mwalimu shingo kwa vidole, akamgonga chini ya goti, akaangalia jinsi mguu unavyorudi taratibu kama unafikiria kwanza. Aliuliza kuhusu usingizi, choo, nywele kukatika, kusahau. Mwalimu alikubali yote isipokuwa kusahau. Damu ikapelekwa Nairobi, na majibu yakarudi baada ya wiki mbili: tezi ya shingo, ile wanayoiita thairoidi, ilikuwa imelegea kazini. Akaanzishiwa tembe, kwanza nusu dozi, kisha baada ya wiki kadhaa dozi kamili ya maikrogramu mia moja. Anywe kila asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, na chai ingoje saa nzima.

Kuingoja chai ndiko kulikomwuma kuliko ugonjwa. Mwalimu alikunywa chai ya maziwa saa kumi na mbili kamili asubuhi tangu ujana wake. Sasa alikaa mezani mbele ya birika, amevaa saa ya mkononi, anaangalia mshale. "Dakika arobaini na moja," ananiambia nikimpitia njiani kwenda kibandani. "Mama Sweta, nimefundisha watoto wengi nini maana ya dakika. Niliwadanganya. Dakika ni ndefu zaidi."

Dawa ilimsaidia, polepole. Ila alikuwa bado hajarudi kamili. Daktari akasema arudie kupima, naye mwenyewe akaenda likizo, na miadi ikawekwa baada ya wiki sita. Tukapima katika maabara moja ndogo mjini, jina siliweki hapa. Majibu yalipofika, karani wa dirishani alimpa Mwalimu karatasi iliyokunjwa katikati na kumwambia kwa haraka, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, "Thairoidi yako iko juu."

Iko juu. Maisha yangu yote nikisikia kitu kiko juu, kazi yangu ni kukishusha.

Tulikaa jikoni kwake. Karatasi ilikuwa mezani, na juu ya mkunjo kulikuwa na herufi tatu, TSH, na namba, na neno la Kiingereza la kusema imezidi. Mwalimu aliisogeza karibu na macho. Alikuwa amevaa sweta mbili. Akasema, na maneno haya ninayo kama yalivyotoka, "Tungoje daktari. Hatujui namba hii inapima nini."

"Wiki sita?" nikamwambia. "Mwalimu, si mambo ni wazi. Dawa ni ya thairoidi. Karatasi inasema thairoidi iko juu. Basi dawa imezidi. Chumvi ikizidi kwa mchuzi, unaongeza chumvi?"

"Mchuzi unauonja," akasema. "Hii hatujaonja."

"Wewe unaonja kila siku. Si unachoka? Si umevimba uso? Hiyo ni dawa nyingi mwilini."

Zamani angenibishia mpaka jua lizame, na angeshinda. Siku hiyo alinitazama, akapepesa macho, akachoka. Mtu aliyechoka anakubali bei yoyote, na nilikuwa nimeliona hilo kwa macho yangu mwezi wa pili, tena nikajiita mjanja kwa kuliona. Nilichukua wembe kwenye dirisha lake, nikaweka tembe juu ya kifuniko cha sufuria, nikaikata katikati. Ilikatika sawasawa. Nilijisifu hata kwa hilo. Kisha nikamkatia za wiki mbili, nikazihesabu, nikazihesabu tena, vipande kumi na vinne. Wiki zilizofuata alijikatia mwenyewe.

Siku hizi nikitaka kumkumbuka Mwalimu akiwa mzima, lazima nipite kwanza katika wiki hizo, hakuna njia nyingine. Alilala akiwa ameketi. Alianza sentensi na kuiacha mlangoni. Alinisalimia mara mbili katika dakika tano, na Kiswahili changu kibovu kikapita mbele yake bila kusahihishwa. Nilisema "kiti yako" makusudi, nikangoja, hakuna kitu. Sijawahi kungoja kukaripiwa kwa hamu kama ile.

Jumamosi ya wiki ya sita nilimpelekea maziwa. Watoto walikuwa sakafuni, kimya, na watoto hawanyamazi bila sababu. Mwalimu alikuwa ubaoni amesimama na chaki. Alikuwa ameandika hamsini na sita, alama ya kugawanya, na nane. Chaki iligusa ubao baada ya alama ya sawa, ikabaki hapo. Msichana mmoja wa mbele alinong'ona, "Saba, Mwalimu," kwa sauti ya kumsaidia mtu kuvuka mtaro. Mwalimu akamgeukia. Akaiweka chaki chini taratibu, akaketi kwenye gunia katikati yao, akasema, "Nendeni nyumbani, watoto wangu. Mwalimu wenu amepotea kidogo."

Jumatatu tulikuwa kwa daktari, aliyekuwa amerudi kazini siku hiyo hiyo. Alifungua ile karatasi, akaukunjua mkunjo. Chini yake kulikuwa na mstari wa pili, T4, na hiyo ilikuwa chini kabisa. Mstari huo hatukuusoma. Akauliza anakunywa dozi gani. Mwalimu akasema nusu tembe.

Daktari akainua kichwa. "Nani amepunguza hii dawa?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Mwalimu, nimeshika kibeti chake. Nilisikia feni ya ofisi. Mwalimu alifikiri, kwa ule mwendo wake mpya, akapekua akilini mwake na kukuta wembe, kifuniko cha sufuria, mkono wake unakata. Zaidi ya hapo hakukuta kitu.

"Ni mimi," akasema.

Nami sikusema kitu.

Dawa ikarudi mia moja, na baada ya wiki nane wakapima, ikaongezwa robo, na baada ya wiki nyingine nane wakapima tena. Daktari alitusisitizia kwamba dawa hii haina mbio. Ukibadilisha dozi leo na kupima wiki ijayo, unapima uvumi. Kila mwanzo wa mwezi Mwalimu alinipa chupa nimhesabie tembe, maana alikuwa haamini tena mkono wake. Nilihesabu mara mbili mbele yake. Nilihesabu kwa bidii ya mtu anayelipia kitu ambacho hajakitaja.

Alirudi. Nilijua amerudi asubuhi alipoichukua sweta moja ya kijani, akaigeuza ndani nje, na kuniuliza kama kifungo cha nne kilikufa ama kilihamia Karatina. Nililia nyuma ya beli la nguo. Nikamwambia ni vumbi la mitumba.

Siku hiyo hiyo akanifundisha, kwa sababu daktari alikuwa amemweleza na yeye hakuweza kukaa na jambo alilolielewa bila kumpa mtu.

"Wewe hupaza sauti saa ngapi?" akaniuliza. "Asubuhi wateja wakijaa hapa, unapiga kelele ya 'sweta, sweta'?"

"Nikipiga kelele nitawahudumia saa ngapi? Napiga kelele saa nane mchana, kukiwa hakuna mtu."

"Basi. Ubongo ni wewe. T4, hiyo homoni ya tezi, ndiyo wateja. TSH ni kelele yako tu. Wateja wakipungua, kelele inapanda. Ukisoma kwenye karatasi kwamba TSH iko juu, maana yake sokoni hakuna mtu. Ongeza dawa, wateja waje, kelele ishuke."

"Na wateja wakizidi?"

"Unanyamaza kabisa. TSH inakaribia sifuri, moyo wangu unadunda kama ngoma ya kwaya, mikono inatetemeka. Hapo ndipo dawa hupunguzwa. Hapo tu." Alikuwa anang'aa. Halafu uso ukafunga. "Na mimi niliipunguza dawa kelele ikiwa juu. Mimi. Miaka yote nawaambia watoto, usiguse namba kabla hujajua inapima nini. Halafu yangu mwenyewe naigawanya kwa mbili kwa wembe."

Hapo ndipo mahali pa kusema palipokuwa. Palikuwa papana, na mtu mwingine hakuwepo. Nikakunja sweta ya kijani, nikamwambia, "Ulikuwa mgonjwa, Mwalimu."

"Ubao nimeutoa," akasema. "Nimeupa kanisa. Kichwa kilichokosea hesabu hiyo hakifai kuwekwa mbele ya watoto wa watu."

Jumamosi zikafa. Wazazi walimbembeleza, naye aliwapa chai na kubadilisha mazungumzo. Mimi nilipita pale na kuona magunia yamekunjwa nyuma ya mlango. Miaka minne. Mara nyingi nilifika mpaka kwenye neno "Mwalimu, ile siku ya wembe," na mara zote nikauliza kitu kingine. Niliogopa. Nilikuwa na wateja wengi lakini mtu wa kuniambia sweta zangu si rahisi alikuwa mmoja. Nikafanya biashara ya ajabu: nikamwachia aamini kwamba akili yake ilimsaliti, ili mimi nibaki na rafiki.

Halafu akaenda kwao. Aliaga kanisani Jumapili moja ambayo mimi nilikuwa Nairobi kuchagua mabeli. Nilikuwa narudi siku ya pili, gari likasimama Sagana watu wanunue samaki wa kukaanga, na ng'ambo ya barabara nikamwona ameketi juu ya sanduku lake, ameshushwa na matatu ya Nyeri, akingoja basi la kwenda Nairobi na kwingine mbele zaidi. Mchana mweupe. Nilivuka bila kuangalia magari.

"Ungeondoka bila kuniaga, Mwalimu?"

"Nilipita kibandani mara mbili. Palikuwa pamefungwa." Alisogea kwenye sanduku, nikakaa. Tukala samaki wangu kwa vidole. Alikuwa na shali mabegani, uso mwembamba, macho yale ya zamani yanayosahihisha kila kibao cha duka barabarani.

"Huko nyumbani utafundisha?" nikamuuliza.

"Nani, mimi? Nitafuga kuku. Kuku hawana habari kwamba mwalimu wao alikosea kugawanya kwa mbili."

Alisema kwa kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichonishinda.

"Si wewe," nikasema.

"Nini?"

"Hukukosea. Ulikuwa jikoni, umevaa sweta mbili, ukasema tungoje daktari. Ukasema hatujui namba inapima nini. Ni mimi niliyesema ishushwe. Ni mimi niliyeshika wembe na kukata za kwanza. Daktari alipouliza, nilikuwa nyuma yako. Nilisikia ukijibu."

Hakunitazama. Aliurudisha mfupa wa samaki kwenye gazeti.

"Nilisema hivyo?" akauliza. "Kwamba hatujui inapima nini?"

"Ulisema."

"Nikiwa katika hali ile."

"Mimi niliyekuwa mzima sikusema."

"Rudia."

Nikarudia, kuanzia karatasi mpaka wembe. "Polepole," akasema, na nikarudia tena polepole, naye akasikiliza amefumba macho kama anavyomsikiliza mtoto anayesoma jibu kwa sauti, tayari kumkatiza, na hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anafuta vidole kwenye gazeti, kimoja kimoja.

"Miaka minne, Mama Sweta," akasema. "Waliokuwa darasa la nne wamemaliza shule."

"Najua."

"Hujui. Msichana aliyenong'ona saba, yule wa mbele. Alitaka tufike mpaka kwenye sehemu za desimali."

Basi lake likafika, utingo akaanza kugonga bati na kuita. Nilimnyanyulia sanduku. Alipanda ngazi ya kwanza, akasimama, akiziba mlango, watu nyuma yangu wakinung'unika.

"Kuku watangoja. Kwanza ubao," akasema, akaingia ndani.

Kama amenisamehe, hakusema. Nilisimama kando ya barabara nikalitazama basi lake mpaka likavuka daraja la mto na kupotea, halafu nikaendelea kulitazama daraja.